MSAADA WA FEDHA KWA VIKUNDI: SHILINGI HUKAA WAPI?

Somo kwa vikundi vya Kangemi, Mountain View na mahali pengine penye hali kama hiyo

Upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, kando ya barabara kuu ya Waiyaki, Mountain View na Kangemi ni majirani. Mountain View ni mtaa wa nyumba za mawe zenye nyua na malango. Kangemi ni mahali pa watu wengi, penye soko, vibanda vya mafundi, na vyumba vya kupanga vilivyosongamana. Majina hayo mawili ni majina ya kata pia, na kata zote mbili zimo katika jimbo la Westlands lenye kata tano. Kila siku asubuhi watu wa Kangemi hutoka kwenda kufanya kazi katika nyumba, maduka na ofisi za Mountain View, Loresho na Westlands, na jioni hurudi kwao. Fedha, basi, zafika Kangemi. Swali ambalo kila kikundi cha maendeleo hakina budi kujiuliza kabla ya kuandika barua ya kuomba msaada ni hili: fedha hizo hukaa Kangemi muda gani kabla ya kuondoka tena?

Mtu apokeaye mshahara wake jioni, akalipa kodi kwa mwenye nyumba akaaye mbali, akanunua unga uliosagwa mbali na nguo iliyoshonwa mbali, amezipitisha fedha zake Kangemi kama maji yapitavyo katika mfereji. Maji yamepita, lakini bustani haikunywa. Msaada wa fedha uletwao na Serikali au na mashirika waweza kupita vivyo hivyo, na mara nyingi hupita. Hilo ndilo jambo la kujifunza katika somo hili.

RUZUKU SI MKOPO

Kwanza yafaa maneno mawili yaeleweke, maana watu wengi huyachanganya ingawa yako mbali kama Kabete na Kilindini. Ruzuku ni fedha zitolewazo kwa kazi maalum, na mwenye kuzitoa hadai zirudishwe, bali hudai hesabu. Mkopo hurudishwa, pengine na riba, pengine bila riba.

Hazina ya Vijana iliyoanzishwa mwaka wa 2006, na Hazina ya Wanawake iliyoanza mwaka wa 2007, ziliundwa kwa ajili ya mikopo. Hazina ya Uwezo ilizinduliwa mwezi wa Septemba 2013 kwa shilingi bilioni 6 zilizokuwa zimewekwa tayari kwa duru ya pili ya uchaguzi wa Rais, ambayo haikufanyika. Hazina hiyo nayo ilianza kwa kukopesha vikundi bila riba. Kikundi kipokeacho mkopo wa namna hiyo na kuugawana kama nyama ya sherehe, kwa kudhani kwamba Serikali imetoa zawadi, hujiletea deni na jina baya, na jina baya hukaa muda mrefu kuliko deni.

Ruzuku hutoka pengine. Iko hazina ya Serikali ya Taifa ijulikanayo kwa herufi NGAAF, iliyoanzishwa mwaka wa 2015, ambayo husaidia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu katika kaunti zote 47. Yapo pia mashirika ya raia wenyewe, kama vile Kenya Community Development Foundation lililoanzishwa mwaka wa 1997, ambalo hukusanya fedha na kuzigawa kwa mashirika madogo ya wananchi. Kisha yapo makanisa, misikiti, makampuni, na wafadhili wa nchi za nje. Kila mmoja ana masharti yake, na kila mmoja ana kusudi lake. Kusudi hilo yafaa lijulikane mapema.

FEDHA ZILIZOFIKA KABETE

Eneo hili lina historia yake katika mambo ya misaada. Si mbali na Mountain View, huko Lower Kabete, ndipo ilipofunguliwa Shule ya Jeanes katika mwaka wa 1925. Jina hilo latoka kwa bibi mmoja wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Anna T. Jeanes, ambaye mwaka wa 1907 alitoa dola milioni moja ili zisaidie shule ndogo za watu weusi katika majimbo ya kusini ya nchi ile. Fedha hizo hazikujenga jumba kubwa. Zilisaidia kulipa mishahara ya walimu wasafiri, wa kwanza wao akiwa Virginia Randolph wa wilaya ya Henrico katika jimbo la Virginia. Walimu hao walizunguka shule kwa shule wakifundisha kazi za mikono, usafi na bustani, na kuwahimiza wazazi watoe chao pia.

Katika mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo mjumbe wake mmoja alikuwa Dk. Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo yaitwa Ghana, ilizuru Afrika Mashariki. Baada ya hapo mpango wa walimu wasafiri uliletwa Kenya. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha, na Kabete ikaanza kuwafundisha walimu pamoja na wake zao, kwa maana ilionekana kwamba mume akijifunza peke yake, nusu ya nyumba hubaki palepale. Shule ile haipo tena kwa jina lake. Mwaka wa 1961 mahali pale pakawa chuo cha utawala, na tangu mwaka wa 2012 ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Lakini fedha zile za kwanza zilinunua ujuzi wa watu, na ujuzi hubaki na mtu hata baada ya mwenye kutoa fedha kwenda zake.

Huko huko Kabete ndiko wanawake wengi walikofundishwa kuongoza vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1952 kwa msaada wa idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Walijifunza kushona, kupika, kulea watoto na kuendesha mikutano. Yafaa isemwe wazi kwamba miaka hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na wanahistoria wameonyesha kwamba serikali ile ilivitumia vilabu hivyo pia ili kuwavuta wanawake wasiwasaidie wapiganaji wa Mau Mau. Kushona kulikuwa kushona kweli, na faida yake ilikuwa ya kweli. Lakini mtoaji alikuwa na shauri lake. Kikundi chochote cha leo kinachopewa fedha na mwanasiasa karibu na uchaguzi, au na kampuni itafutayo wateja, hakifanyi kosa kuzipokea, ila kinapaswa kujua kinachotakiwa badala yake.

JAMBO LILILOPIMWA SIAYA

Je, ni kweli kwamba fedha zikikaa mahali huzaa zaidi kuliko zikipita? Jambo hili lilipimwa kwa hesabu katika Kaunti ya Siaya. Kati ya mwaka wa 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa nyumba maskini zaidi ya 10,000, kila nyumba ikipata kadiri ya dola 1,000 za Marekani. Vijiji 653 vilitiwa katika uchunguzi, na kura ikaamua ni vijiji gani vitakavyopewa na vipi visipewe. Wachumi waliofanya uchunguzi huo, Bw. Edward Miguel na wenzake wanne, walichapisha matokeo yake mwaka wa 2022. Waliona kwamba kila dola moja iliyoingia ilileta mapato ya dola 2 na nusu hivi katika eneo lile, na bei za vitu hazikupanda ila kidogo sana. Hata watu ambao hawakupewa kitu waliona mapato yao yanaongezeka.

Sababu yake si uchawi. Mama aliyepata fedha aliezeka nyumba yake kwa mabati, na fundi akalipwa. Fundi alinunua mahindi kwa jirani. Jirani alipeleka mahindi yake kwenye mashine ya kusaga, ambayo zamani ilikuwa ikilala nusu ya siku kwa kukosa kazi. Mwenye mashine hakuhitaji kununua mashine nyingine. Alihitaji wateja tu. Shilingi ile ile ikapita mikononi mwa watu wanne au watano kabla ya kupanda basi kwenda Kisumu au Nairobi.

Kangemi si kijiji cha Siaya. Kangemi iko kando ya barabara kuu, na shilingi yaweza kuondoka kwa matatu katika muda wa robo saa. Kwa hiyo kikundi cha mjini kina kazi ngumu zaidi, nacho chapaswa kuchagua kwa uangalifu mkubwa kitu kitakachonunuliwa kwa ruzuku.

HEMA NA VITI

Katika sehemu nyingi za Kenya, kikundi kikiulizwa kinataka nini, jibu huja upesi: hema na viti vya kukodisha. Jibu hilo halikosi akili. Arusi zipo, mazishi yapo, mikutano ipo, na viti vya plastiki havili nyasi. Tena huonekana vizuri katika picha siku ya kukabidhiwa, pamoja na ile hundi kubwa ya karatasi ambayo benki yoyote haiwezi kuipokea.

Na tufanye hesabu kwa mfano wa kufundishia. Tuseme kikundi cha kwanza kimepata ruzuku ya Sh. 300,000, kikanunua hema 2 na viti 100. Kinakodisha kwa Sh. 5,000 kila shughuli, na kwa mwezi hupata shughuli 4, yaani Sh. 20,000. Kikitoa Sh. 6,000 za kubeba, kuosha na kushona hema zilizochanika, hubaki Sh. 14,000. Ni kazi nzuri. Mwaka wa pili vikundi vingine vitatu vya mtaa ule ule, vikiona neema hiyo, vyaomba hema na viti, navyo vyapewa. Lakini arusi hazikuongezeka, wala watu hawafi zaidi ili viti vikodishwe. Sasa kila kikundi kinapata shughuli moja tu kwa mwezi, na kwa kushindana bei imeshuka mpaka Sh. 3,000. Gharama zikitolewa, kinachobaki hakitoshi kununua viti vipya hivi vya zamani vitakapovunjika.

Ubaya wa pili hauonekani upesi. Zile Sh. 300,000 ziliondoka Kangemi siku ile ile zilipofika, zikaenda kwa mwenye kiwanda cha plastiki na muuzaji wa turubai. Na kodi inayolipwa kila Jumamosi yatoka katika mfuko wa mtu wa Kangemi na kuingia mfuko mwingine wa Kangemi. Hakuna shilingi mpya iliyoingia kutoka nje. Watu wamegawana upya kile walichokuwa nacho.

MFANO WA CHUMBA CHA KUSHONA

Tuseme sasa kikundi kingine, chenye watu 15, kimeomba fedha kama zile zile kwa kazi ya kushona sare za shule. Mfano huu nao ni wa kufundishia tu. Bei za kweli hapana budi ziulizwe dukani. Cherehani 4 za Sh. 30,000 kila moja ni Sh. 120,000. Kitambaa cha kuanzia ni Sh. 100,000. Kodi ya chumba kwa miezi sita, Sh. 5,000 kila mwezi, ni Sh. 30,000. Fundi hodari wa kuwafundisha washonaji kukata kwa vipimo vya shule, ili kitambaa kisipotee, ni Sh. 30,000. Meza ya kukatia na pasi ni Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 300,000.

Sare moja inauzwa Sh. 1,200. Kitambaa, uzi na vifungo vyake ni Sh. 600. Mshonaji hulipwa Sh. 300. Chumba na umeme ni Sh. 100. Kikundi hubakiwa na Sh. 200. Zile 600 za kwanza huondoka kwenda kwa muuzaji wa kitambaa mjini. Lakini 600 za pili hubaki katika mtaa: kwa mshonaji, ambaye kesho atanunua mboga sokoni, na katika sanduku la kikundi, na kwa mwenye chumba ikiwa naye ni mtu wa pale. Kikundi kikishona sare 60 kwa mwezi, zinazobaki ni Sh. 36,000 kila mwezi. Na kama wazazi wanaonunua wakaa Mountain View, Loresho au Westlands, basi fedha hizo zimetoka nje zikaingia. Hapo ndipo mtu aweza kusema kwamba uchumi wa mahali umekua. Asiweze kusema hivyo kwa sababu tu cherehani zimepigwa picha.

Kuna mambo matatu ambayo vikundi vya namna hii husahau. La kwanza ni kuchakaa. Cherehani ya Sh. 30,000 ikidumu miaka mitano, zote nne hula Sh. 2,000 kila mwezi hata kama hakuna mtu azionaye zikila. Katika zile Sh. 12,000 zibakizo kwa kikundi kwa sare 60, elfu mbili hizo ziwekwe kando, zisiguswe kwa harambee wala kwa soda. Kikundi kisichofanya hivyo kitarudi baada ya miaka mitano kuomba cherehani tena, nacho kitaona kwamba mfadhili yuko kwa wengine.

La pili ni majira. Sare hununuliwa zaidi mwezi wa Januari, mwaka wa masomo unapoanza. Mwezi wa Julai washonaji wataketi wakitazamana kama hawakutafuta kazi nyingine mapema: ovaroli za wafanyakazi, mapazia, mashati ya walinzi. Katika hizo, mapazia ya nyumba za Mountain View yafaa yafikiriwe, maana nyumba zipo karibu na madirisha yao ni makubwa.

La tatu ni malipo kuchelewa. Shule yaweza kuchukua sare leo ikalipa baada ya miezi mitatu. Ndiyo sababu Sh. 100,000 nzima zimewekwa kwa kitambaa, kiasi ambacho ni karibu mahitaji ya miezi mitatu. Vikundi vingi hununua mashine nyingi na kitambaa kidogo, kwa kuwa mashine hupendeza macho. Na mwezi wa pili mashine zasimama kwa kukosa kitu cha kushona.

Wala isidhaniwe kwamba ushonaji ni dawa ya kila mahali. Vikundi kumi vikishona sare katika mtaa mmoja, yatatokea yale yale ya viti. Kabla ya kuomba, wanachama na wazunguke muda wa wiki mbili, wakiwa na daftari. Wahesabu mafundi waliopo, na kuuliza shule zanunua wapi na kwa bei gani. Watazame pia ni vitu gani vinavyoletwa kila siku kwa gari kutoka mbali ilhali vyaweza kutengenezwa pale pale. Kazi hiyo haina gharama ila viatu.

FAIDA NI YA NANI?

Hapa pana jambo linalovunja vikundi vingi, nalo latokea wakati mambo yanapokwenda vizuri, si wakati wa shida. Ruzuku nyingi hutolewa kwa mashirika yasiyogawana faida. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka wa 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, inataka shirika la namna hiyo lisiwe la kutafuta faida kwa wenyewe. Hiyo haina maana kwamba shirika lisipate ziada, wala kwamba watu wafanye kazi bure. Mshonaji hulipwa mshahara wake wa haki. Kinachokatazwa ni wanachama kugawana ziada mwishoni mwa mwaka kama wenye hisa. Ziada hurudi kazini: kufundisha vijana wengine, kununua kitambaa zaidi, kufungua chumba cha pili.

Kikundi cha kusaidiana ni kitu kingine. Wanachama wake huweka akiba yao wenyewe, hukopeshana, na hugawana wanachopata, wala hapana dhambi katika hilo. Ugomvi huanza kundi la watu 15 linapopata ruzuku kwa jina la jamii nzima, kisha mwezi wa Desemba watano kati yao wakataka mgao. Kumi wengine husema fedha si zao. Watano husema jasho lilikuwa lao. Kila upande una ukweli wake, na hakuna mzee wa mtaa awezaye kuamua, kwa sababu jambo lenyewe halikuandikwa mwanzoni. Basi katika katiba ya kikundi pawe na kifungu kimoja kinachosema waziwazi ziada itatumikaje, na kipigiwe kura kabla ya shilingi ya kwanza kufika. Tena ni vizuri akiba ya wanachama na fedha za ruzuku zikae katika akaunti mbalimbali.

Watu wa pwani wanalifahamu jambo hili tangu zamani kwa jina la wakfu. Mtu akiweka nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu kwa ajili ya msikiti, mali yenyewe haiuzwi wala haigawanywi. Mapato yake tu ndiyo yatumikayo. Kenya Community Development Foundation limevihimiza vikundi kufanya kitu cha namna hiyo, yaani kuweka fungu la kudumu ambalo halitumiki, bali faida yake husaidia kazi mwaka baada ya mwaka. Shirika hilo pia limekuwa na desturi ya kutaka wananchi wachange sehemu yao kwanza, kisha nalo liongeze.

CHA KWETU KWANZA

Desturi hiyo ya kuanza na mchango wa wenyewe si ya jana. Mwaka wa 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichanga pauni moja kila mtu na kufungua duka dogo la siagi, sukari, unga na mishumaa. Hawakupata ruzuku ya mtu. Vyama vya ushirika vya nchi nyingi hufuata mfano wao mpaka leo. Katika Kenya, miaka ya 1960, wanawake wa Mkoa wa Kati walichangiana kununua mabati, nyumba hii leo na ile mwezi ujao, mpaka nyasi zikaondoka juu ya vichwa vyao. Na mwaka wa 1991, katika sehemu za Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa Kihausa mpango wa kuweka akiba katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya mkutano wote. Mpango huo umeenea Afrika nzima, na vikundi vingi vya Kenya vinautumia.

Sababu ya kutaka akiba ya wenyewe si ugumu wa moyo wa mfadhili. Watu 15 wanaotoa Sh. 200 kila wiki hukusanya Sh. 3,000 kwa wiki na Sh. 156,000 kwa mwaka. Fedha hizo ni nusu ya ruzuku ya mfano wetu. Lakini zaidi ya hayo, katika mwaka huo watu hao wamejifunza kuandika, kudai, kukopeshana, kugombana na kupatana kwa fedha zao wenyewe. Makosa yatatokea, na ni afadhali yatokee kwa Sh. 3,000 kuliko kwa Sh. 300,000.

Hatari moja ya siku hizi yafaa itajwe. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, fedha za vikundi vingi hukusanywa katika simu ya mweka hazina. Ni rahisi, na mweka hazina aweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini simu huibwa na watu hufariki. Mama mwaminifu mtoto wake akiugua usiku, fedha zilizo karibu ni zile za kikundi, naye atazichukua kwa nia ya kuzirudisha. Asilaumiwe yeye peke yake. Walaumiwe waliomwekea mzigo huo. Fedha ziwekwe benki kwa jina la kikundi, zitolewe kwa sahihi za watu watatu, na hesabu isomwe kwa sauti katika kila mkutano, hata kama wote wanaijua.

Wafadhili huviogopa sana vikundi vya mkobani, yaani vile ambavyo ofisi yake, wanachama wake na muhuri wake vyote vimo katika mkoba wa mtu mmoja. Ndiyo sababu huuliza maswali ambayo vikundi vya kweli huyaona ya kuudhi: mkutano wa mwisho ulikuwa lini, nani hakuja, nani alikopa na bado hajalipa. Kikundi chenye daftari hujibu kwa dakika tano.

PA KUANZIA

Kwa sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka wa 2022, kikundi chapaswa kuwa na watu wasiopungua 10, katiba yake, na viongozi waliochaguliwa. Kuandikishwa hufanywa na idara ya maendeleo ya jamii, ambayo ina maafisa wake katika kaunti ndogo. Kwa watu wa Mountain View na Kangemi, kaunti ndogo hiyo ni Westlands. Shirika linalotaka kufanya kazi kubwa zaidi ya mtaa, kuajiri watu wengi na kupokea fedha za nje, lafaa kutazama sheria ile nyingine ya mashirika ya manufaa ya umma.

Waendao ofisini wachukue vitambulisho, katiba, orodha ya wanachama pamoja na sahihi zao, na muhtasari wa mkutano ulioamua kwamba kikundi kiandikishwe. Muhtasari huo uonyeshe tarehe, mahali, waliohudhuria na walioomba radhi, jambo lililoamuliwa, na kura zilizopigwa. Mwenyekiti na katibu wautie sahihi, na nakala moja ibaki katika jalada la kikundi.